Manganizi, titani, kobalti au platinamu: kichujio kipi cha fomaldehaidi kinafaa chumbani kwako?

Ukitafuta mtandaoni kisafisha hewa cha kuondoa fomaldehaidi, utakuta mashine zinazofanana kwa umbo na kutofautiana kwa neno moja tu kwenye boksi. Moja imeandikwa manganizi, nyingine titani na taa ya urujuanimno, nyingine platinamu, na nyingine mkaa basi. Bei zinapishana sana, na wauzaji wote wanadai asilimia 99.

Niseme mapema ninakoelekea. Kwa chumba cha kawaida cha kulala au ofisi ndogo, ningenunua oksidi ya manganizi ya aina ya tabaka. Platinamu ni bora kuliko zote kwa kazi yenyewe, ila ina mahali pake, na mahali hapo mara nyingi si nyumbani. Titani na taa yake ningeiacha dukani. Kobalti, na seriamu isiyochanganywa, bado ni mali ya maabara. Sababu zake si za kemia peke yake.

Gesi inatoka wapi, na kiasi gani ni kingi

Fomaldehaidi ni molekuli ndogo: kaboni moja, oksijeni moja, haidrojeni mbili. Inachemka kwenye nyuzi 19 chini ya sifuri, kwa hiyo katika nyumba zetu ni gesi muda wote. Nyingi inatoka kwenye gundi ya urea-fomaldehaidi inayoshikilia unga na vipande vya mbao ndani ya MDF, chipbodi na plaiwudi. Gundi hiyo ni ya bei nafuu na hukauka haraka, lakini haipatani na maji. Unyevu wa hewa unaivunja kidogo kidogo, gesi inatoka upya, na joto linaongeza kasi. Ndiyo maana kabati lilelile litatoa gesi nyingi zaidi Tanga mwezi wa Februari kuliko Njombe mwezi wa Julai. Kingo ambazo fundi amezikata na kuziacha wazi bila kubandika ukanda huvuja kuliko uso uliofunikwa melamini. Kuna vyanzo vingine pia: moshi wa kuni na mkaa, sigara, udi, na baadhi ya dawa za kunyoosha nywele.

Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka gesi hii kwenye kundi la 1, yaani vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilitoa kikomo cha hewa ya ndani: miligramu 0.1 kwa mita ya ujazo kwa wastani wa dakika 30, ambayo ni kama sehemu 80 kwa bilioni. China, ambako kuondoa fomaldehaidi kwenye nyumba zilizomalizwa kukarabatiwa ni biashara kamili, ilishusha kikomo chake kutoka miligramu 0.10 hadi 0.08 mwaka 2022.

Kujua hali mbaya inafananaje, tazama Marekani baada ya kimbunga Katrina cha 2005. Serikali iliwaweka waathirika kwenye nyumba za magurudumu zilizojaa mbao za gundi. Taasisi ya serikali ya afya ya umma, CDC, ilipopima 519 kati ya nyumba hizo, mwishoni mwa 2007 na mwanzoni mwa 2008, wastani ulikuwa sehemu 77 kwa bilioni na iliyoongoza ilifika 590. Vipimo hivyo vilichukuliwa msimu wa baridi, wakati mbao zinatoa gesi kidogo.

Pua haisaidii sana hapa. Watu wanatofautiana mno katika kuisikia harufu hii, na anayekaa ndani huizoea.

Kinahifadhi, kinatumika, au kinachochea?

Kabla ya kulinganisha metali, tenganisha aina tatu za kazi, maana wauzaji huzichanganya kwa makusudi.

Mkaa amilifu wa kawaida hunasa gesi kwenye vitundu vyake. Kwa mvuke wa rangi au petroli unafaa. Kwa fomaldehaidi ni dhaifu: molekuli ni ndogo, inapenda kubaki katika hali ya gesi, na maji yaliyomo hewani huishindania nafasi. Mbaya zaidi, siku ya joto mkaa uliojaa huirudisha chumbani.

Aina ya pili ni punje za alumina zilizoloweshwa pamanganeti ya potasiamu. Hizi zinaiharibu gesi kweli, lakini pamanganeti inaliwa katika mchakato huo. Utaiona kwa macho: punje zinaingia zikiwa za zambarau, na zikishaisha zinakuwa za kahawia. Tupige hesabu ya karatasini. Tuseme chumba kina mita za mraba 20 za mbao, ukihesabu kabati, kitanda na meza pande zote, na kila mita inatoa miligramu 0.1 kwa saa. Hiyo ni miligramu 2 kwa saa, au gramu 17.5 kwa mwaka. Kuunguza gramu moja ya fomaldehaidi mpaka mwisho kunahitaji kama gramu 7 za pamanganeti. Kwa mwaka ni gramu 123, na ikiwa punje zina asilimia 5 ya pamanganeti, utahitaji kilo mbili na nusu za punje, hata kabla hujahesabu pafyumu na moshi wa jikoni ambavyo navyo vitaila. Kichujio chepesi cha gramu mia mbili kinachoahidi mwaka mzima kwa njia hii hakiwezi kutimiza ahadi.

Aina ya tatu ndiyo kichocheo. Hiki hakiliwi. Kinashika fomaldehaidi kwa upande mmoja na oksijeni ya hewa kwa upande mwingine, kinazikutanisha, na kinachotoka ni maji na kaboni dioksidi. Wapo wanaouliza kama kaboni dioksidi hiyo ni hatari. Miligramu 0.1 ya fomaldehaidi inazaa kama miligramu 0.15 ya kaboni dioksidi, ilhali mita ya ujazo ya hewa ya nje tayari ina zaidi ya miligramu 700. Huwezi hata kuipima. Kaboni dioksidi hiyo ndiyo ushahidi unaotakiwa. Maabara ikionyesha kwamba fomaldehaidi imepungua bila kuonyesha kaboni dioksidi imeongezeka kwa kiasi kinacholingana, haijathibitisha kichocheo. Imethibitisha sponji.

Manganizi

Dioksidi ya manganizi unaijua tayari: ndiyo inayofanya unga wa ndani wa betri za tochi uwe mweusi. (Usivunje betri ujitengenezee kichujio. Unga ule umechanganywa na kaboni na chumvi za zinki, na vumbi la manganizi likivutwa kwa muda mrefu hudhuru ubongo.)

Mwaka 2002 mtafiti wa Kijapani Yoshika Sekine alichapisha majaribio ya oksidi nyingi za metali dhidi ya fomaldehaidi kwenye joto la kawaida la chumba. Manganizi ilijitokeza kwa sababu haikuishia kunasa: kaboni dioksidi ilitoka, bila moto wala taa. Mwaka mmoja kabla yake, yeye na mwenzake walikuwa wamechapisha kazi ya paneli za mkaa na oksidi za manganizi zilizowekwa ndani ya nyumba bila feni. Sehemu kubwa ya vichujio vyeusi vya manganizi unavyoviona leo inafuata njia hiyo.

Jina la manganizi kwenye boksi halitoshi, kwa sababu oksidi hii ina maumbo mengi. Atomu zilezile zinapangwa kama mahandaki ya upana tofauti, au kama tabaka zilizolaliana na maji na ayoni za potasiamu katikati. Aina moja ya mahandaki, inayotumika sana kwenye betri, inaitwa nsutaiti kwa sababu ya Nsuta, mgodi wa manganizi nchini Ghana. Ile ya tabaka inaitwa birnesaiti, kutokana na kijiji cha Birness huko Scotland. Katika ulinganisho uliochapishwa China mwaka 2015 wa maumbo manne yaliyotengenezwa maabara, ya tabaka ndiyo iliyoshinda: iliunguza fomaldehaidi yote kwenye nyuzi 80, wakati nyingine zilihitaji joto zaidi. Nyuzi 80 si joto la chumba, najua. Nitalirudia jambo hilo chini, maana limewapotosha wengi.

Kwa nini tabaka? Nafasi kati ya tabaka ina maji na vikundi vya haidroksili (oksijeni na haidrojeni zilizoshikana), na haidroksili ndizo zinazofanya kazi. Fomaldehaidi ikitua juu ya manganizi, oksijeni iliyo hai inaishika na kuigeuza kuwa fometi, kisha kaboneti (hizi mbili ni hatua za katikati), kisha kaboni dioksidi inaondoka. Haidroksili zilizotumika lazima zirudishwe, na anayezirudisha ni unyevu wa hewa. Kwenye hewa kavu kabisa kichocheo hiki huchoka polepole: fometi inaganda juu yake, na sehemu za kazi zinazibwa. Kwenye hewa yenye unyevu wa wastani maji yanaisukuma kaboneti itoke na kazi inaendelea. Unyevu ukizidi sana, maji yenyewe yanakalia nafasi na kasi inashuka.

Kwa hiyo mtu wa pwani ana faida moja na hasara moja. Joto la nyuzi 30 linaharakisha kazi ya manganizi, jambo ambalo mtu wa Beijing mwezi wa Januari hana. Lakini unyevu wa Dar es Salaam au Mombasa wakati wa masika uko upande wa juu kuliko unaopendwa na kichocheo. Kiyoyozi, ambacho hukausha hewa kiasi, kinasaidia hapa. Nairobi na Arusha hali ni ya wastani kwa vyote viwili.

Jambo lingine ni jinsi unga unavyoshikizwa. Unga mtupu hauna maana ndani ya mashine, hewa haitapita. Watengenezaji wazuri huotesha manganizi juu ya nyuzi za poliesta au juu ya mkaa wenye umbo la sega, ili eneo liwe kubwa na upinzani wa hewa uwe mdogo. Watafiti wa maabara ya taifa ya Lawrence Berkeley, California, walionyesha mwaka 2011 kwamba oksidi ya manganizi iliyopakwa kwenye kichujio cha kawaida cha vumbi inaiharibu fomaldehaidi kwa wiki kadhaa mfululizo, kwenye viwango vya chini kama vile vinavyopatikana majengoni. Kwangu kazi hiyo ina uzito kuliko makala kumi za poda kwenye mrija wa kioo, kwa sababu iko karibu na maisha.

Faida ya ziada: manganizi inavunja pia ozoni. Kama una printa kubwa ya leza ofisini, ambayo huitoa gesi hiyo, hilo si dogo. Hasara: rangi nyeusi inayoweza kupukutika kama kichujio ni cha ovyo. Paka kidole kwenye kichujio kipya, kikiacha unga mweusi, kirudishe.

Titani na taa

Hapa historia ni nzuri kuliko bidhaa. Mwaka 1972 Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walionyesha kwamba dioksidi ya titani ikimulikwa inaweza kupasua maji. Tangu hapo kila kitu kimepakwa titani: vioo, vigae, rangi za kuta, barakoa.

Tatizo ni mwanga. Titani ya aina ya anatezi inaamshwa na miale mifupi kuliko nanomita 388, yaani urujuanimno. Taa ya kawaida ya LED chumbani haina miale hiyo, na kioo cha dirisha kinapunguza inayotoka juani. Bila taa maalumu, titani ni chokaa ghali. Ukiweka taa maalumu, unalipa umeme na taa ya kubadilisha, na umeme ukikatika kazi imesimama. Manganizi walau inaendelea na hewa inayojipitia yenyewe.

Hilo lingevumilika. Lisilovumilika kwangu ni kazi ya nusu. Titani iliyomulikwa haichagui. Inashambulia kila kilichomo hewani. Hewa ya nyumbani ina alkoholi nyingi, kutoka kwenye pafyumu, kitakasa mikono, sabuni ya madirisha. Ethanoli ikiunguzwa nusu inakuwa asetaldehaidi, na ikiendelea nusu nyingine inakuwa fomaldehaidi. Hewa inapita mbele ya taa kwa sehemu ya sekunde, kwa hiyo nyingi inatoka kabla kazi haijaisha. Watafiti wa Berkeley walipojaribu mfumo wa namna hii kwa mchanganyiko unaofanana na hewa ya ofisi, matokeo waliyochapisha mwaka 2007 yalionyesha fomaldehaidi ikitoka nyingi kuliko iliyoingia. Mwaka 2008 watafiti wa Finland walichapisha jambo la jamaa yake: rangi za kuta zenye titani, zikimulikwa, zilikuwa zinajila zenyewe, yaani zinavunja gundi ya rangi na kutoa fomaldehaidi.

Na kuna taa zenye miale ya nanomita 185, zinazotengeneza ozoni. Ozoni ikikutana na harufu ya limau au msonobari ya sabuni ya sakafu, inazaa fomaldehaidi tena. Mashine ya kuondoa gesi inageuka kuwa chanzo chake. Sioni sababu ya mtu wa nyumbani kuchukua mzigo huu wakati manganizi ipo.

Kobalti, seriamu, na jamaa zao

Kwa ufupi. Oksidi ya kobalti, ile yenye atomu tatu za kobalti na nne za oksijeni, ni kichocheo kikali, lakini katika kazi nyingi zilizochapishwa inaiunguza fomaldehaidi yote pale tu joto linapozidi nyuzi 100. Kobalti nyingi ya dunia inachimbwa Kongo, Kolwezi na jirani zake, ambako Kiswahili ndicho cha sokoni, ila kwa sasa inakwenda kwenye betri za magari na simu, na bei yake inapanda na kushuka kwa sababu zisizohusiana na hewa ya chumbani. Seriamu haifanyi mengi peke yake; uzuri wake ni kukopesha oksijeni. Ikichanganywa na manganizi inaisaidia kujaza mapengo ya oksijeni upesi. Kichujio kilichoandikwa manganizi na seriamu kwa pamoja si cha kudharauliwa, mradi kilichotangulia ni manganizi.

Hopkalaiti, mchanganyiko wa oksidi za shaba na manganizi uliobuniwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, utauona pia ukitangazwa. Ulitengenezwa kwa ajili ya barakoa za kuzuia kaboni monoksidi, na unyevu unaulemaza. Ndiyo maana kwenye barakoa unawekwa pamoja na dawa ya kukausha hewa. Kwa nyumba ya pwani, acha.

Platinamu

Mwaka 2005 kundi la Zhang Changbin na He Hong wa Chuo cha Sayansi cha China, Beijing, lilionyesha kwamba asilimia moja tu ya platinamu juu ya dioksidi ya titani inatosha kuiunguza fomaldehaidi yote kwenye joto la chumba. Mwaka 2012 wakaongeza sodiamu kidogo na kasi ikapanda sana. Sodiamu inazifanya chembe za platinamu zitawanyike mpaka kufikia atomu mojamoja, na inafungua njia fupi: fometi inakutana moja kwa moja na haidroksili iliyo jirani na kuwa kaboni dioksidi na maji, badala ya kupitia kaboni monoksidi kwanza. Fometi hailundikani, kwa hiyo kichocheo hakichoki kama manganizi, na maji ya hewani yanakisaidia badala ya kukikwamisha.

Hapa watu wengi wanachanganyikiwa: titani imo, mbona taa haimo? Kwa sababu titani hapa ni kiti tu. Anayefanya kazi ni platinamu, gizani na mchana sawasawa. Muuzaji akikuambia kichujio chake cha platinamu na titani kinahitaji kuanikwa kwenye mwanga ili kifanye kazi, mojawapo ya mawili: hajui bidhaa yake, au platinamu haimo.

Na kweli huenda haimo. Gramu moja ya platinamu inauzwa kwa makumi ya dola. Kichujio chenye gramu 100 za kichocheo cha asilimia moja kinabeba gramu nzima. Kama bei ya kichujio chote ni ndogo kuliko hiyo gramu, wamepunguza platinamu mpaka imebaki jina. Wanaouza kwa uaminifu wanataja kiasi. Platinamu pia inalemazwa na misombo ya salfa. Karibu na jenereta ya dizeli au jiko la makaa ya mawe haitadumu kama inavyostahili.

Namba za maabara si namba za chumba chako

Zile nyuzi 80 za manganizi zinatoka wapi? Kwenye majaribio mengi mtafiti anaweka unga mdogo, miligramu chache, kwenye mrija, anapitisha hewa yenye fomaldehaidi kama sehemu 100 kwa milioni, kwa kasi kubwa, kisha anapandisha joto mpaka yote iishe. Chumba chako, kikiwa kibaya, kina sehemu 0.1 au 0.2 kwa milioni. Ni mara mia tano hadi elfu moja chini yake. Kwenye mkusanyiko mdogo namna hiyo na eneo kubwa la kichujio, manganizi inafanya kwenye nyuzi 28 kile ilichoshindwa kwenye mrija. Joto la kumaliza yote linafaa kupanga nani ana nguvu kuliko nani, halikuambii kitakachotokea nyumbani.

Na zile asilimia 99 za kwenye boksi? Kwa kawaida ni boksi lililofungwa, gesi inapulizwa mara moja, mashine inawashwa, na baada ya saa kadhaa wanapima. Chumba chako hakipuliziwi mara moja. Kabati linatoa gesi usiku na mchana.

Rudi kwenye hesabu yetu ya miligramu 2 kwa saa. Chumba ni mita 4 kwa 3, kimo mita 2.7: ujazo wa mita 32.4. Madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinazunguka, na hewa ya nje inaingia nusu ya ujazo kwa saa kupitia nyufa. Fomaldehaidi itatulia kwenye miligramu 0.12 kwa mita ya ujazo, juu ya kikomo. Sasa weka mashine mbili. Ya kwanza inaondoa asilimia 90 ya gesi inayopita, lakini feni yake inasukuma mita za ujazo 40 tu kwa saa. Chumba kinashuka hadi 0.038. Ya pili inaondoa asilimia 30 tu kwa kila mpito, lakini inasukuma mita 200. Chumba kinashuka hadi 0.026. Ya asilimia 30 imeishinda ya asilimia 90. Kwenye boksi, nani angeinunua?

Sasa zima zote mbili, fungua madirisha ya pande mbili upepo upite, hewa ibadilike mara tano kwa saa. Chumba kinafika 0.012. Bure. (Kwa haki, hesabu hii ni ya kurahisisha: hewa ikisafishwa, mbao nazo hutoa gesi zaidi kidogo, kwa hiyo kushuka halisi ni pungufu ya hivi kwa njia zote. Mpangilio haubadiliki.) Nyumba za zamani za pwani zenye madirisha yanayotazamana hazikuhitaji platinamu. Anayehitaji kichocheo ni yule aliyefunga vioo ili kiyoyozi kisipoteze baridi.

Nani achukue nini

Chumba cha kulala chenye kabati jipya la MDF na kiyoyozi: manganizi ya tabaka juu ya nyuzi au sega la mkaa, na mbele yake kichujio cha vumbi, maana vumbi na mafuta ya mapishi yakilala juu ya kichocheo hakuna tena kemia. Feni iwe kubwa, hata kama itabidi kuizungusha polepole usiku.

Ofisi au duka la ghorofani lisilo na dirisha, lenye hewa inayozungushwa na mfumo mmoja: hapa platinamu inaweza kujilipa, kwa sababu hewa inapita kwa kasi na kichocheo chenye nguvu kinahitaji nafasi ndogo. Dai karatasi yenye kiasi cha platinamu. Bila karatasi, tandaza manganizi kwenye eneo kubwa la njia ya hewa.

Saluni zinazonyoosha nywele kwa dawa zenye fomaldehaidi: hapana kwa vyote. Moshi unaotoka pasi inapogusa nywele iliyopakwa unaweza kuwa mwingi mno kwa kisafisha hewa chochote cha nyumbani. Kikomo cha kazini Marekani ni sehemu 0.75 kwa milioni kwa saa nane, na 2 kwa dakika 15. Nunua feni ya kutoa hewa nje, iwekwe karibu na kiti cha mteja, au badilisha dawa. Mochwari na maabara zinazotumia fomalini ni vivyo hivyo.

Anayejenga sasa hivi aanze na mbao. Uliza daraja la E1 (la mbao zinazotoa gesi kidogo) au bora zaidi, na mwambie fundi azibe kila ukingo, pamoja na matundu ya bawaba na mgongo wa kabati. Lakini usidhani E1 inamaliza kazi. Kipimo cha Ulaya cha daraja hilo kinaruhusu miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo ndani ya chemba ya majaribio, ambayo tayari imevuka kikomo kipya cha China, na chemba hiyo ina nyuzi 23 na unyevu wa asilimia 45. Ni hali ya hewa ambayo Dar es Salaam haijui.

Kwa muuzaji, uliza mita ngapi za ujazo kwa saa, na jaribio lilifanywa kwa sehemu ngapi kwa bilioni. Uliza pia kama kaboni dioksidi ilipimwa. Wengi hawatakuwa na jibu la swali la tatu, lakini anayejua maana yake utamtambua.

Vipima vya bei rahisi vya mkononi vitumie kwa tahadhari. Vingi vinadanganywa na alkoholi: pitisha kitakasa mikono jirani na kipimo, utaona namba inaruka. Kipimo cha kuaminika ni kimrija chenye dawa ya DNPH kinachovuta hewa kwa pampu na kupelekwa maabara. Ukiamua kutumia cha mkononi, funga madirisha kwa muda wa saa kumi na mbili, usipulize kitu chochote chumbani, kisha soma. Washa mashine, acha madirisha yamefungwa, soma tena kesho yake saa ileile. Andika namba zote mbili nyuma ya mashine kwa kalamu ya wino. Rudia kila baada ya miezi miwili mitatu. Namba ikipanda huku feni ikisukuma vilevile na hujaongeza fanicha mpya, kichujio kimechoka, hata kama boksi linasema bado kina nusu mwaka.